NGUZO ZA CHUMA NA ROHO ZA MAFUNDI

Ndugu wafanya kazi wa Diani, Msambweni na Kwale yote,

Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja wa Beit al-Ajaib, kule Unguja, ulianguka pamoja na mnara wa saa. Mafundi walikuwa kazini wakilitengeneza jumba hilo, na wenzetu wawili wakafa. Lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, na veranda zake zilishikwa na nguzo ndefu za chuma cha kusubu. Watu wengi walililia jumba. Sisi twauliza, na wale wawili je?

Wako wasemao kwamba majumba ya kale yataka pesa za wafadhili na wataalamu tu, na kibarua kazi yake ni kubeba zege na kunyamaza. Twakataa. Sisi wa reli twakijua chuma. Chuma cha kusubu huchukua mzigo mzito sana, lakini hakipindi kwanza kikakuonya. Hupasuka ghafula kama chungu. Ukikigonga kwa nyundo, kizima hulia na chenye ufa hukoroma. Na anayeisikia sauti hiyo ni mwenye nyundo mkononi, wala si bwana aliyeketi ofisini.

Tena pwani yetu ina hewa ya chumvi. Chuma kilichozikwa ukutani kikishika kutu hufura, kikapasua mawe. Dawa yake ni kukwaruza kutu, kupaka rangi na kuzibua mifereji ya mvua, mwaka hata mwaka. Kazi hiyo haina sherehe wala hotuba, basi huachwa mpaka jumba lioze. Ndipo mafundi huitwa kwa haraka kupanda juu ya hatari.

Nasi tunayo majumba ya kale: nyumba ya Shehe Mbaruk bin Rashid pale Gazi, na majengo ya zamani pale Shimoni. Siku ya kuyatengeneza, watakaopanda jukwaani ni vijana wetu. Basi twataka haya:

Kwanza, jengo likaguliwe na kutiwa mihimili kabla mtu hajaingia.

Pili, fundi akiona ufa asikilizwe, na kazi isimame. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi akiarifu hatari kubwa, asirudishwe pale mpaka hatari iondolewe. Isomeni!

Tatu, vijana wa hapa wafundishwe ufundi wa chuma na chokaa, kwa mshahara wa fundi.

Wataambiwa wakubwa kwamba twachelewesha kazi. Na waambiwe. Jumba likianguka laweza kujengwa tena. Baba wa watoto hajengwi tena.

Ndugu, msipande jukwaa msilolikagua. Mmoja akikataa peke yake hufukuzwa; tukikataa sote tutasikilizwa.

UMOJA NI NGUVU.