Kuulizwa na Kutangaziwa

Ndugu wananchi wa Shinyanga na Geita, kuulizwa ni jambo moja na kutangaziwa ni jambo jingine. Wako wakubwa ambao hata leo hawataki kuijua tofauti hiyo. Huita mkutano, husoma karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi, kisha huandika: wananchi wameshirikishwa!

Geita inaijua hila hiyo tangu zamani. Serikali ya kikoloni iliwaletea baraza la wilaya la mseto, Mzungu na Mwasia waketi pamoja na Mwafrika, katika wilaya ambayo karibu watu wake wote ni Waafrika. Wananchi walikataa. Katikati ya mwaka 1958 umati wa watu ulitoka Geita kwenda Mwanza kudai usikilizwe, na polisi wakautawanya. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa makala aliyoandika katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wa utawala, akatozwa faini ya Sh. 3,000. Lakini baraza lile halikudumu. Nyumba isiyotakiwa na wenyewe haisimami.

Wala tusiwalaumu wakoloni peke yao. Mwaka 1972 Serikali yetu wenyewe ilizivunja halmashauri za wilaya, zikarudi 1984. Kijijini nani aliulizwa?

Watasema mipaka ni kazi ya wataalamu. Uongo! Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, Bukombe ilitoka Shinyanga, Chato ikatoka Kagera. Mtu hubadilishiwa mahali pa kupeleka shida zake. Na katika nchi ya dhahabu, mpaka wa halmashauri ndio unaoamua ushuru wa huduma wa mgodi utajenga zahanati ya nani. Mwenye shimo la mgodi mlangoni pake ana haki ya kusema.

Watasema tena kwamba kesi huchelewesha maendeleo. Kinachochelewesha ni kuvunja leo kilichojengwa jana bila shauri. Katiba, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili madaraka yaende kwa wananchi. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba na sheria.

Basi, wanachama, wakija na ramani mpya, dai uione kabla haijapitishwa. Dai muda wa kutoa pingamizi. Dai muhtasari wa mkutano na majina ya waliosema, maana mali bila daftari huisha bila habari. Wakikunyima, changishaneni, mtafuteni wakili, mwende mbele ya jaji. Mwenye nchi haombi ruhusa ya kuulizwa.