Tusipige Ngoma Chini ya Makuti ya Plastiki



Katika mkutano wetu uliopita tulisomewa mwaliko kutoka bustani moja ya wanyama, si mbali na hapa chuoni. Wanataka twende Jumamosi moja tukapige ngoma mbele ya banda la twiga, nao watatoa mchango kwenye mfuko wa jumuiya. Wengi mlipiga makofi na siwalaumu, maana hali ya mfuko wenyewe mnaijua. Lakini kabla hatujapiga kura naomba mnisikilize kidogo, kwa sababu mimi nilikwenda kupaona mahali penyewe.

Banda la twiga ni zuri, kusema kweli. Ni refu, lina joto, lina nafasi. Juu limeezekwa makuti, au ndivyo nilivyodhani. Pembeni yake kuna vibanda vitatu vya mviringo vilivyoezekwa vivyo hivyo, na ubao unasema hapo ni kijiji cha Afrika. Nikanyoosha mkono nikashika ukingo wa paa. Jamani, plastiki tupu! Kila jani lina urefu ule ule, na hata ile rangi ya kuchakaa imetiwa kiwandani. Wakati nashangaa, mtoto wa kama miaka sita akamwuliza mama yake nani anaishi humo. Mama akanitazama mimi, kisha akatazama pembeni.

Sasa nisieleweke vibaya. Plastiki yenyewe sina ugomvi nayo. Nilimwuliza mfanyakazi mmoja wa pale, akanieleza vizuri tu, na sababu zake zina maana. Paa la nyasi au makuti ya kweli huoza kwa mvua za huku. Ndege hulichomoa, panya na wadudu huzaana humo, na twiga akilifikia hulitafuna. Moto nao ni hatari, wakati plastiki nzuri hutiwa dawa ya kuchelewesha moto na ya kuhimili jua, ikakaa miaka mingi. Ingawa nayo plastiki tusiiamini sana: usiku wa kuamkia Januari 1, 2020, huko Krefeld, Ujerumani, nyumba ya masokwe iliungua kwa sababu ya taa za karatasi zilizorushwa angani. Walikufa wanyama zaidi ya 30, na paa lililoshika moto lilikuwa la plastiki ngumu ya kupitisha mwanga.

Lakini hebu tujiulize: makuti yale ni ya nani? Twiga hajui kuti ni nini. Mwekee bati, mradi pawe pakavu na pana joto, atakula majani yake na kulala. Kwa hiyo makuti yale ni ya mtazamaji. Kazi yake ni kumwambia, "Sasa umefika Afrika." Na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia, kwa sababu paa lile linasema uongo, na sisi tunaitwa tukausindikize kwa ngoma.

Uongo wa kwanza ni kwamba Afrika nzima ni hivyo vibanda vitatu. Wenzetu wa Rwanda hapa watakuambia kwamba serikali yao iliendesha kampeni ya kuondoa nyakatsi, yaani nyumba za nyasi, na ikakamilika mwaka 2011. Unaweza kuisifu kampeni ile au kuilaumu, lakini huwezi kusema nyasi ndiyo Rwanda. Kwetu pwani nako mtu akipata hela kidogo anakimbilia mabati. Mtoto yule wa miaka sita hataambiwa hayo.

Uongo wa pili unaniuma zaidi. Ni kwamba paa la makuti halina ufundi wala mwenyewe, ni kitu kinachoota tu pale penye Waafrika na wanyama. Bibi yangu huko Pangani alikuwa akishona makuti ya viungo ya kuuza. Alikaa chini ya mwembe akikunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona, kuti moja baada ya jingine, hadi vidole vikawa vigumu kama kifuu. Akiletewa kuti la mtu mwingine alikuwa anajua mara moja kama limeshonwa au limelipuliwa. Paa likianza kuvuja fundi huitwa, vijana hupanda, kinamama hupika, na paa linakuwa jipya tena. Plastiki haimwiti mtu.

Na Waingereza hili wanalijua vizuri sana, likiwa lao. Ukumbi wa Globe wa zamani, ule wa Shakespeare, uliungua mwaka 1613 baada ya mzinga uliofyatuliwa katikati ya mchezo kuwasha paa la nyasi. Walipoujenga upya na kuufungua mwaka 1997 wangeweza kusema, "Nyasi ni hatari, leteni plastiki." Hawakusema. Waliezeka matete ya kweli, wakayatia dawa, wakaweka na mabomba ya kunyunyiza maji juu ya paa.

Waganda nao walifanya hivyo. Makaburi ya wafalme wao pale Kasubi, Kampala, yaliungua Machi 16, 2010. Walihangaika zaidi ya miaka kumi kulirudisha jengo na paa lake la nyasi, kazi ambayo kwa mila ni ya ukoo wa Ngeye. Mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kumbe paa la nyasi linaweza kuwa na ukoo wake!

Mwenzetu mmoja aliniambia, "Wewe nawe, ni ngoma tu. Hela ni hela." Hela naijua, nami pia nimebeba boksi. Lakini tukumbuke tunasimama wapi. Mwaka 1906 kijana wa Kongo, Ota Benga, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaja kumtazama. Shirika linaloendesha bustani hiyo liliomba radhi mwaka 2020, yaani baada ya miaka 114. Na mwaka 2005 bustani ya wanyama ya Augsburg, Ujerumani, iliandaa "kijiji cha Afrika" chenye ngoma, vyakula na vinyago, Waafrika na Wajerumani wengi wakapinga. Sisemi wanaotualika sisi ni watu wabaya. Nasema mahali pale pana historia, nasi hatuwezi kujifanya hatuijui.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Tuwajibu kwa heshima kwamba tutakuja kwa masharti matatu. Kwanza, ule ubao uondolewe, uandikwe mwingine unaosema ukweli: hii ni plastiki, imewekwa kwa sababu hizi na hizi, na makuti ya kweli hutengenezwa hivi. Pili, ngoma tupige kwenye ukumbi wao au kwenye uwanja wa langoni, si mbele ya banda la mnyama. Tatu, wakitaka kibanda cha Kiafrika, walipe mafundi wa kweli wa kuezeka, na majina ya mafundi hao yaandikwe.

Wakikubali, mimi nitakuwa wa kwanza kubeba ngoma. Wakikataa, tuwashukuru na tutafute hela kwingine. Pilau ya kuuza nitapika mwenyewe.

Na yule mtoto nilimjibu. Nilimwambia, "Humo haishi mtu."

Nawasilisha.