Mwacheni Mganga Mwambani

Ukitaka kufuga samaki wa matumbawe sebuleni, sina ugomvi nawe. Koroga chumvi ya bahari, gramu 35 kwa lita, washa pampu, kisha subiri wiki nne hadi sita, bakteria waote na kuigeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa nitriti, halafu nitrati.

Ugomvi unaanza dukani. Utaonyeshwa samaki mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi, uambiwe atakusafishia wenzake. Ni kweli: mwambani yeye ndiye mganga. Samaki wakubwa hupanga foleni na kumpanulia vinywa awatoe vimelea. Kwenye tangi la samaki watano atamtibu nani? Mara nyingi hufa njaa.

Nasi Wakenya tunamvua pwani kwetu na kumsafirisha ng'ambo. Huko kisiwa cha Lizard, Australia, watafiti waliwaondoa waganga hawa kwenye baadhi ya miamba kwa zaidi ya miaka minane. Samaki wengine wakapungua.

Nunua samaki wa Finding Nemo aliyezalishwa tangini. Ukimnunua mganga, umelipa ili zahanati ya watu ifungwe.