Faili Kufunguka Kusikofaa Si Sababu ya Kufomati Kompyuta

Ndugu mkulima, na wewe ndugu yangu mfanyabiashara wa mazao, leo sizungumzii viwavijeshi wala bei ya mbolea. Nazungumzia kompyuta ya chama, ile iliyofungiwa kabatini pamoja na mihuri, na tabia moja ya mafundi ambayo imenifika hapa shingoni.

Karani wa chama kimoja cha msingi alinijia na kompyuta mpakato akiwa amenyong'onyea. Ni mashine ya mtumba, ina Linux Mint, na imefanya kazi vizuri misimu miwili. Siku moja stakabadhi zote za PDF zikaanza kufunguka kwenye programu ya kuchorea picha badala ya programu ya kusomea. Maandishi yalionekana yamekaa ovyo, na zikichapishwa zinatoka zimepinda. Akaipeleka mjini. Fundi hakuuliza swali hata moja. Akasema, "Hii Linux ndiyo inakusumbua, ngoja nikupigie Windows." Akafomati, akachukua elfu thelathini. Orodha ya wakulima wa msimu, kilo zao, makato ya pembejeo, vyote vikaondoka. Sasa chama kinajenga upya orodha ile kwa karatasi za mizani zilizokunjwa mifukoni mwa watu, na mwenye karatasi iliyofuliwa pamoja na suruali anabaki kubishana na viongozi kuhusu gunia zake tatu.

Ugonjwa ule ulikuwa wa dakika mbili. Narudia, dakika mbili, bila kufuta hata herufi moja.

Nielezeni kwa nini tunakubali. Ng'ombe akichechemea huwezi kumruhusu mtu amchinje kabla hajamtazama kwato. Lakini mtu akisema "nafomati" tunatikisa kichwa kana kwamba kataja dawa. Kufomati ni kufuta. Fundi anayefuta kabla ya kuuliza "kuna kazi gani humu ndani, na nakala yake iko wapi?" hajatengeneza kitu.

Sasa tuelewe kinachotokea, maana asiyejua ndiye anayeuziwa.

Kila faili kwenye kompyuta lina aina yake. Linux inaiita aina hiyo kwa jina maalumu. PDF inaitwa application/pdf, na orodha ya CSV inaitwa text/csv. Programu nazo, zinapowekwa kwenye mashine, zinajiandikisha kila moja kusema "mimi naweza kufungua aina hizi na hizi". Halafu kuna karatasi ndogo ya karani, faili la maandishi liitwalo mimeapps.list, inayosema kati ya hao wote waliojiandikisha, nani apewe kwanza. Fikiria ghala. Gunia lina alama ya daraja, wanunuzi wamejiandikisha, na karani ana karatasi ya kumwelekeza mchukuzi. Karatasi ikikosewa, gunia linapelekwa kwa mnunuzi asiye wake. Ufuta ndani ya gunia haujaguswa. Fundi wetu wa mjini, kwa kuona gunia limekwenda kusikofaa, kachoma ghala.

Karatasi inakosewaje? Mara nyingi si kosa lako. Programu ya picha GIMP imejiandikisha kwamba inaweza kufungua PDF. LibreOffice Draw nayo vilevile. Siku mtu akiondoa programu ya kusomea PDF ili apate nafasi kwenye diski, anayefuata kwenye foleni anachukua kazi, hata kama hafai. Wengine wanaweka Wine ili waendeshe programu za Windows, na kesho yake faili la maandishi linafunguka kwenye Notepad ya Wine. Hapa nawalaumu pia watengenezaji. Programu haipaswi kujitwalia mafaili ya mtu bila kumuuliza mwenyewe. Simu yako inafanya hivyo kwa adabu, inakuuliza "mara moja tu" au "kila mara". Kompyuta nyingi za Linux zinakaa kimya na kuchagua zenyewe.

Lakini kosa la mtengenezaji halimpi fundi ruhusa ya kufuta kazi yako.

Kabla ya kutoa hata senti, jiulize jambo moja: ni faili moja tu linalosumbua, au yote ya aina ile? Kama ni moja, programu haina kosa, tatizo liko kwenye faili lenyewe. Labda lilikatika wakati wa kupakuliwa kwa sababu bando liliisha. Labda kuna mtu kalibadilisha jina. Hili la jina naliona sana. Mtu ana orodha.xlsx, mnunuzi anataka PDF, naye anafuta herufi za mwisho na kuandika orodha.pdf. Kubadilisha jina hakubadilishi faili, kama vile kuandika "mchele" kwenye gunia la mtama. Linux inatazama jina kwanza, inalipeleka kwa msomaji wa PDF, msomaji anakataa. Fungua dirisha la kuandikia amri, lile jeusi, nenda kwenye folda yenye faili, uandike:

file orodha.pdf

Amri hii haisomi jina, inachungulia ndani. Ikikutajia Microsoft Excel, lirudishie jina lake la zamani, ulifungue kwa LibreOffice Calc, kisha utumie menyu ya kuhamisha kuwa PDF. Imekwisha.

Kama ni yote ya aina ile, basi karatasi ya karani ndiyo imekosewa. Kwenye Mint, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", kisha ukurasa ulioandikwa "Open With". Chagua programu unayoitaka, kisha bofya "Set as default". Usiishie kwenye kubofya jina la programu tu. Bila hicho kitufe cha mwisho hujabadilisha kitu, na kesho utasema Linux ni kaidi. Kwenye Ubuntu, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua kufungua kwa programu nyingine, na uwashe kile kiswichi cha kutumia kila mara kwa aina hiyo. Hii ndiyo kazi iliyolipiwa elfu thelathini.

Ikigoma, rudi kwenye dirisha jeusi. Muulize karani faili hili ni la aina gani, na aina hiyo kampa nani:

xdg-mime query filetype stakabadhi.pdf
xdg-mime query default application/pdf

Jibu la pili likikutajia gimp au draw, umemkamata mwizi. Kwenye Mint msomaji wa PDF anaitwa Xreader, kwa hiyo unaandika:

xdg-mime default xreader.desktop application/pdf

Hakikisha tu Xreader yenyewe bado ipo kwenye mashine. Kumpa kazi mtu aliyekwisha kufukuzwa hakusaidii. Iweke kwanza upya kutoka kwenye duka la programu. Kisha uliza tena swali la pili uone jibu limebadilika.

Karatasi yenyewe iko kwenye folda yako binafsi, ndani ya folda iliyofichwa iitwayo .config. Bonyeza Ctrl na H pamoja, itaonekana. Inafunguka kwa programu yoyote ya maandishi, na utaona mistari inayosema aina fulani ni sawa na programu fulani. Toa nakala kabla hujaigusa. Hata ukiifuta nzima, hasara yake ni kwamba machaguo yako yanarudi yalivyokuwa mwanzo. Stakabadhi zako hazimo humo.

Na kuna kipimo kimoja ambacho fundi mwaminifu angekifanya kabla ya chochote. Tengeneza mtumiaji mpya kwenye kompyuta hiyohiyo, ingia kwa jina lake, weka PDF ile kwa flashi, ifungue. Ikifunguka vizuri, mfumo ni mzima, na kasoro iko kwenye mipangilio ya mtumiaji wa zamani tu. Hapo hakuna hoja yoyote duniani ya kufomati.

Najua mtajibu. Mmoja aliniambia, "Afisa, haya ni ya wataalamu, sisi tunataka Windows, inaeleweka." Sikatai kwamba dirisha jeusi linatisha, na maneno ya Kiingereza kwenye menyu yanachosha. Lakini Windows nayo ina ugonjwa huuhuu, faili kufunguka kwenye programu isiyofaa ni jambo la kila siku huko. Zaidi ya hapo, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai vifaa ambavyo mashine zetu nyingi za mtumba hazina. Kwa hiyo unachopigiwa mjini kwa elfu thelathini mara nyingi ni nakala ya wizi, imezeeka, na haina ulinzi. Unatoka kwenye mfumo wa bure unaosasishwa, unaingia kwenye mfumo ulioibwa usiosasishwa, na unalipia safari.

Wengine watasema fundi naye anatafuta riziki, kufomati ni haraka, na wateja hawana subira ya kuelezwa. Riziki siikatai. Alipwe kwa kutambua ugonjwa, hata akitumia dakika mbili. Mimi ningemlipa elfu tano na asante. Na zipo hali ambazo kufomati ni halali: diski inakufa, mfumo hauwaki kabisa. Hata hapo, kazi inanakiliwa kwanza. Kwenye mashine yenye Linux isiyowaka unaweza kuwasha kwa flashi ya kusakinishia, ukafungua diski na kuhamisha folda zote nje. Fundi asiyejua hilo asiguse kompyuta ya chama.

Tahadhari moja kabla sijaondoka kwenye habari hii, kwa sababu inagusa malipo. Faili kufunguka kusikofaa hakuliharibu, isipokuwa ukihifadhi. Ukiona faili limefunguka kusikofaa, funga, na ukiulizwa kama uhifadhi mabadiliko, kataa. Hatari kubwa iko kwenye orodha za CSV zenye namba za simu. Calc ikidhani ni hesabu za kawaida, inaondoa 0 ya mwanzo, na ukihifadhi hivyo umempokonya kila mkulima tarakimu ya kwanza ya namba anayolipiwa. Dirisha la kuingiza CSV likitokea, usibofye tu kukubali. Gusa kichwa cha safu ya simu kwa chini, pale penye aina ya safu chagua "Text", ndipo uendelee. Karani anayetaka kutazama tu bila kugusa ailifungue kwa programu ya maandishi, haibadilishi tarakimu.

Kwa viongozi wa vyama: andikeni kwenye kitabu cha mali kwamba kompyuta haitoki ofisini kwenda kwa fundi bila flashi yenye nakala kubaki mikononi mwa katibu, na bila fundi kuandika kwa mkono wake anachokwenda kufanya. Akisema "nafomati", aeleze kwa nini, mbele ya wawili.

Na kwa wewe ambaye kompyuta yako imefomatiwa wiki hii na umeshika kichwa: izime sasa hivi. Usiweke programu mpya, usinakili nyimbo, usiiwashe kujaribu. Kama ina diski ya kawaida ile inayozunguka, kazi ya zamani inaweza kuwa bado imelala chini ya ile mpya, na kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec inayoweza kuichimbua, mradi haijaandikiwa juu. Kama ni diski ya SSD nafasi ni ndogo zaidi, lakini bado izime. Niletee siku ya mnada, pamoja na flashi tupu yenye nafasi ya kutosha.