Jiwe letu la kijani katika muji wa Saint-Pétersbourg

Mwezi huu tunatembea mbali. Kamateni makoti, twende Urusi.

Nilifika Saint-Pétersbourg katika mwezi wa 6 wa mwaka 2019. Mutoto wa mudogo wangu, binti ambaye jamaa yote tulichanga ili asome, alikuwa anamaliza masomo ya jiolojia katika Chuo Kikuu cha Madini cha kule. Akaandika: «Baba mukubwa, kuja uone.» Ndugu wakachanga tena, nikapanda ndege.

Mimi ni muzee wa Kipushi. Nilishuka mu mashimo kuanzia mwaka 1974 mupaka mwaka 1993, wakati kazi ilisimama. Basi muzee wa namna hii akitembea katika muji wa wafalme, haangalie nyumba tu. Anaangalia jiwe, na kujiuliza: ni nani alilichimba?

Siku ya kwanza binti alinipeleka ku metro, ni kusema treni ya chini ya udongo. Kituo kimoja, jina lake Admiralteyskaya, kiko karibu metre 86 chini. Muji umejengwa juu ya udongo wa matope, kando ya muto Neva, kwa hiyo walipashwa kuchimba sana ili wafikie udongo mugumu. Ngazi inatembea yenyewe, wewe unasimama tu. Mukono wangu ukapanda ku kichwa, unatafuta kofia na taa. Binti akacheka: «Baba mukubwa, hapa watu wanashuka na viatu vya sherehe.» Na kweli! Mama mumoja alishika maua, kijana alisoma kitabu. Miaka 19 nilishuka chini ya udongo, na sikuona hata siku moja watu wanashuka bila kuwaza kama watapanda tena.

Juu, muji ni muzuri, siwafiche. Petro Mukubwa, mufalme wa Urusi, aliuanzisha mwaka 1703. Maelfu ya watu wa vijiji walilazimishwa kuja kujenga ndani ya maji na baridi, na wengi walikufa pale pale. Jina la muji limegeuka mara nyingi: mwaka 1914 ukaitwa Petrograd, mwaka 1924 Leningrad, na mwaka 1991 ukarudia jina lake la kwanza. Leo watu wanapita milioni 5. Muto unajigawanya, kuna mifereji kila upande, na madaraja yanapita 300. Na katika mwezi wa 6 jua linashuka karibu saa 22 na nusu, kisha giza haliingie kabisa. Wazee wanakaa inje kando ya maji kama vile sisi tunakaa chini ya muembe, lakini ni usiku!

Tulifika polepole ku kiwanja kikubwa mbele ya jumba la wafalme. Katikati kuna nguzo moja ya graniti nyekundu iliyosimamishwa katika miaka ya 1830. Ni jiwe moja tu, karibu tani 600, na hakuna chuma wala simenti inayoishika. Uzito wake wenyewe unaisimamisha. Aliyeipanga ni Mufaransa, jina lake Montferrand. Watu wanasimulia kama wakubwa wa muji waliogopa kupita karibu, basi yeye akawa anatembea pale chini kila siku na imbwa wake, ili wasadiki kazi yake. Nikapenda mutu huyo. Ukichimba ao ukijenga, ukubali kusimama wewe mwenyewe chini ya kazi yako.

Kisha tukaingia katika jumba, ambalo leo ni nyumba ya vitu vya zamani, yenye kuitwa Ermitage. Tulipita chumba na chumba, zahabu na zahabu, mupaka miguu ikachoka. Halafu mulango mumoja ukafunguka, nikasimama. Nguzo zote ni kijani. Meko ya kuotea moto, kijani. Vyombo vikubwa, kijani. Malakiti! Lile jiwe ambalo watoto wa Kolwezi na Likasi wanaliokota kando ya barabara, lile linalotuonyesha kama chini kuna shaba.

Chumba hiki kilitengenezwa baada ya moto ulioharibu jumba mwaka 1837. Kilikuwa cha bibi ya mufalme Nikolai I. Jiwe lilitoka mu milima ya Ural, mbali sana na pale, katika mashimo ya tajiri wa jamaa ya Demidov. Wachimbaji wake wengi walikuwa watu wa kufungwa ku kazi: hawakuwa na ruhusa ya kuiacha, wala kuhama. Utumwa huo uliondolewa mwaka 1861 tu. Hakuna jina lao ku mulango wa chumba.

Nikamwambia binti: «Angalia namna walivyomaliza jiwe. Nguzo nzima nzima!» Akasema pole pole: «Hapana, Baba mukubwa. Sogea karibu.» Nikavaa lunete, nikasogea. Kumbe si nguzo nzima. Fundi alikata malakiti katika vipande vyembamba, vya milimetre chache tu, akavibandika juu ya kitu kingine cha bei ndogo. Alichagua kila kipande ili mistari ya jiwe ifuatane kama maji yanavyotembea. Ufa mudogo aliujaza na dawa iliyochanganywa na unga wa malakiti yenyewe, ili hata kombo lisipotee. Kisha akasugua siku na siku. Chumba chote kilikula karibu tani 2.

Tani 2, musomaji wangu! Kwetu lori moja linabeba zaidi ya kumi, na linapita barabarani mchana na usiku.

Kesho yake tulienda ku kanisa kubwa la Mutakatifu Isaka, kazi nyingine ya yule Montferrand, iliyochukua miaka 40, tangu 1818 mupaka 1858. Mule ndani nguzo 8 za malakiti zinapanda karibu metre 10, kwa ufundi ule ule. Inje, kichwa cha kanisa kinangaa zahabu, unakiona toka mbali. Lakini sikilizeni namna walivyopaka zahabu ile. Waliichanganya na zebaki, ile feza ya maji, kisha wakaichoma ili zebaki itoke kama moshi. Moshi ule ni sumu. Inasemekana kama watumikaji 60 walikufa. Ndugu zetu wanaochimba zahabu kule Ituri na Kivu, wanaochoma zebaki kandokando ya nyumba, wakati mwingine na mutoto ku mugongo: nilisimama pale nikawawaza ninyi. Kichwa cha kanisa kinangaa mupaka leo. Wale 60 hawakukiona kimemalizika.

Siku ya mwisho binti alinionyesha shule yake. Ilianzishwa mwaka 1773, na ndani kuna nyumba ya mawe na madini kutoka dunia yote. Mbele ya macho yangu: gogo moja la malakiti lenye kupita kilo 1500, zawadi ya malkia Ekaterina II. Wanafunzi wanapita karibu nalo kila siku. Na yale mashimo ya Ural yaliyotoa malakiti nzuri, yamekauka. Jiwe lilimalizika. Kilichobaki ni kile ambacho mikono ilitengeneza.

Pale nikatoa zawadi yangu ndani ya mufuko, nimeifunga mu kitambaa: kisahani cha malakiti nilichonunua Lubumbashi, kwa kijana anayeuza kando ya barabara. Niliona haya kidogo, juu upande mumoja haukusuguliwa vizuri. Binti akakigeuza geuza ku mwangaza. Akasema: «Baba mukubwa, jiwe letu si dogo kuliko lao. Kinachokosa ni saa za kazi. Huyu kijana alikisugua siku moja, kwani jioni alipashwa kununua unga.»

Musomaji, neno hili lilinifuata mupaka nyumbani. Usiku ule tulienda kuangalia madaraja ya Neva yanavyofunguka katikati ili meli zipite. Watu wengi walisimama wakipiga picha. Mimi nilikuwa nahesabu. Miaka 19 ya kutoa jiwe, na nyumbani kwangu hakuna kitu hata kimoja kilichotengenezwa na jiwe lile.

Siseme tujenge majumba ya wafalme. Tumeona yaligharimu watu gani. Nasema hivi: katika mitaa yetu wangali wako wazee wanaojua kukata malakiti na kuisugua, na wengine wanaojua kufua shaba. Wakifa bila kufundisha mutu, tutabaki na mashimo tu. Kama uko na kijana anayekaa bure, umupeleke kwa muzee mumoja wa namna hiyo. Na wewe unayenunua, usibishane bei mupaka fundi alale njaa. Bei unayoikata ni saa ambazo hatasugua.

Binti alirudi mwaka uliofuata. Kile kisahani kiko ku meza yake ya kazi. Upande ule ambao haukumalizika, ameusugua yeye mwenyewe, jioni kwa jioni. Nilipokishika mara ya mwisho, sikuweza tena kujua ni upande gani.

Mubaki salama, mupaka mwezi ujao.