Uchovu wa Kijana Si Laana



Katika parokia zetu za Lusangi, na kote Kasongo na Kabambare, liko jambo ambalo vijana wa kiume hunong'onezana wawili wawili wala hawalitamki kikundini. Kijana wa miaka 25 huamka amechoka kama aliyelima usiku kucha. Jembe linamshinda, moyo umekuwa mzito, na aliyeoa huiogopa jioni inapokaribia. Kwa kuwa kwetu mwanamume husifiwa kwa nguvu zake, yeye hunyamaza. Katika kunyamaza huko hudhani kwamba amerogwa, humtilia mkewe mashaka, au hununua sokoni vidonge vya nguvu ambavyo hata muuzaji hajui vimetengenezwa kwa nini.

Sisi walei wa chama hiki twasema wazi: uchovu wa namna hiyo ni dalili, na dalili huchunguzwa. Anayemsingizia jirani uchawi kwa sababu ya ugonjwa huvunja amri ya nane, na ugonjwa wake hubaki palepale.

Mkumbukeni nabii Eliya. Baada ya ushindi wa Karmeli alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa upungufu wa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha mara ya pili. Ndipo nabii akapata nguvu za kwenda siku arobaini hadi Horebu. Naye Yoshua bin Sira hutufundisha kusali tukiwa wagonjwa, na pia kumpa tabibu nafasi yake, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka.

Mwili wa mwanamume hutengeneza katika korodani homoni iitwayo testosteroni, kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Homoni hiyo husaidia misuli, mifupa, damu, hamu ya ndoa na uwezo wa kuzaa. Ikipungua, uchovu na huzuni huweza kufuata. Lakini mara nyingi kupungua huko ni matokeo ya ugonjwa mwingine uliojificha, na hapa kwetu tuna sababu ya pekee ya kuutafuta.

Maniema imeujua malale, yaani ugonjwa wa usingizi, kwa muda mrefu. Mbung'o wa mtoni na vichakani huambukiza vijidudu vinavyoanza na homa za kurudi-rudi, maumivu ya kichwa na viungo, mwasho, na uvimbe wa tezi za shingo. Baadaye huingia ubongoni: mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, na tabia yake hugeuka. Ugonjwa huohuo huvuruga homoni, hata mwanamume akapoteza nguvu za ndoa. Ni wangapi wameitwa wavivu au waliorogwa, kumbe ni wagonjwa? Asipotibiwa, mgonjwa kwa kawaida hufa. Lakini tangu 2018 ipo dawa ya kumeza, feksinidazoli, ambayo kwa wagonjwa wengi hutumika kwa siku 10, na majaribio yake yalifanywa hasa katika nchi yetu. Dawa hiyo hutolewa bure. Basi timu za upimaji zinapofika kijijini, kijana Mkristo asijifiche. Awe wa kwanza kunyosha mkono utolewe damu.

Si kila uchovu ni malale. Malaria, safura, kichocho, kifua kikuu, VVU na upungufu wa chakula huchosha vilevile, na baadhi yake hushusha testosteroni. Huzuni ya vita na ya kufukuzwa vijijini nayo huulemea mwili. Hata usingizi una sehemu yake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba vijana 10 wenye afya, walipolala saa 5 tu kila usiku kwa muda wa juma moja, testosteroni yao ya mchana ilipungua kwa asilimia 10 hadi 15. Yafikirini hayo, ninyi mnaochimba dhahabu upande wa Salamabila na kuuzuia usingizi ili mchimbe zaidi. Tena vidonge vya tramadoli, ambavyo wengine humeza wapate kuvumilia kazi, vikizoeleka hushusha homoni hiyohiyo.

Kwa hiyo anzeni kwenye kituo cha afya. Mwelezeni mwuguzi yote bila kuficha habari za ndoa. Siri yenu ni wajibu wake. Kipimo cha testosteroni, mahali kinapopatikana, hufanywa asubuhi, na hurudiwa kabla ya uamuzi wowote. Msikubali kuchomwa sindano ya homoni bila kipimo: testosteroni inayotoka nje huweza kusimamisha utengenezaji wa mbegu za uzazi, na anayetafuta mtoto akazidi kumkosa.

Wazazi na wake, msiwacheke. Viongozi wa vikundi, tengeni mkutano mmoja, mwalikeni mwuguzi, na wavulana waulize maswali yao hata kwa vikaratasi visivyo na majina. Aliye dhaifu asindikizwe na mwenzake hadi kituoni, kama wale wanne waliomteremsha mwenye kupooza mbele ya Yesu kupitia darini. Bwana aliitazama imani ya waliombeba. Nasi tubebane hivyo, ili kijana yeyote wa Lusangi asife kwa aibu ya ugonjwa unaotibika.