Tuhukumu divai, tusihukumu jina la chupa

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya yule anayeleweshwa na sifa. Hata hivyo, nusu ya lawama yamwangukia msifuji, kwani alimsifu mgema akasahau kulionja tembo. Ningependa tulitafakari kosa hilo kupitia kinywaji cha mbali na minazi yetu, nacho ni divai nyekundu ya Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Chupa moja ya divai hiyo, ikiwa ya daraja la juu, yaweza kugharimu zaidi ya mshahara wa mwezi wa mwalimu anayeanza kazi. Simwaliki mtu yeyote kunywa. Nia yangu ni kuchunguza jinsi binadamu anavyotoa hukumu, jambo ambalo mwalimu hulifanya kila siku.

Tembo la mnazi halina subira. Lililogemwa alfajiri huwa tamu, jioni limekwisha kuwa kali, na baada ya siku chache limegeuka siki. Divai bora ya Bordeaux huenda mwendo mwingine. Hutengenezwa hasa kwa zabibu aina ya Cabernet Sauvignon na Merlot, ikalazwa katika mapipa ya mwaloni ya lita 225 kwa muda wa mwaka mmoja na nusu au miwili, kisha ikatiwa chupani. Ikiwa changa, rangi yake ni zambarau iliyokoza, na ukakasi wake huukamata ufizi kama ndizi mbichi. Ukakasi huo watokana na tanini, zilizomo katika maganda na mbegu za zabibu. Miaka ipitapo, tanini hushikamana na chembe za rangi, zikawa nzito, zikazama chini kama mashapo. Divai hulainika. Wekundu wake huelekea rangi ya tofali, na harufu ya matunda hupisha harufu za ngozi, tumbaku, uyoga na udongo ulionyeshewa mvua.

Mwonjaji stadi huiinamisha bilauri juu ya kitambaa cheupe, akatazama rangi ya ukingoni. Hunusa, akaitikisa bilauri, akanusa tena. Huonja, akaizungusha divai kinywani, akatema, kisha akapima ladha imedumu kwa muda gani. Haulizi tu iwapo ni tamu. Huuliza kama matunda, uchachu na ukakasi vimelingana, na muhimu zaidi, divai hii imefika wapi katika maisha yake. Je, bado? Imekomaa? Au imepita wakati wake? Mwenye kuujibu swali hilo kwa ulimi wake ndiye astahiliye kuitwa mjuzi.

La kusikitisha ni kwamba ulimi una mahasimu wawili. Wa kwanza ni jina. Mnamo 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris yaliyoandaliwa na Mfalme Napoleon III, madalali wa Bordeaux walizipanga divai nyekundu za Médoc, pamoja na Haut-Brion ya Graves, katika madaraja matano, wakizingatia zaidi bei zilizouzwa. Tangu hapo mpango huo umebadilika kwa nadra mno. Badiliko linalojulikana zaidi ni la 1973, Château Mouton Rothschild ilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Mashamba yamenunuliwa na kuuzwa, watengenezaji wamekufa na wengine kuzaliwa, ilhali cheo kimebaki pale pale kibandikoni.

Na macho yakishaona, ulimi hufuata. Utafiti uliochapishwa 2001 ulieleza jinsi wanafunzi 54 wa elimu ya divai huko Bordeaux walivyopewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu! Hawa hawakuwa wapita njia, walikuwa wanagenzi wa fani yenyewe.

Ndiyo maana naliona jaribio la Paris la tarehe 24 Mei 1976 kuwa somo kuu. Mwingereza Steven Spurrier, aliyekuwa na duka la divai jijini humo, aliwaketisha waamuzi tisa Wafaransa, akawaonjesha divai nyekundu kumi bila kuwaonyesha majina. Nne zilikuwa za Bordeaux na sita za California. Iliyoongoza ilikuwa Stag's Leap ya California ya 1973, ikaishinda Mouton ya 1970. Yasimuliwa kwamba mwamuzi mmoja alidai arudishiwe karatasi yake ya alama.

Watetezi wa Bordeaux walikuwa na hoja ya maana: divai zetu zimeumbwa kwa ajili ya uzee, ngojeni miaka ipite. Basi miaka ikapita. Mwaka wa 2006, baada ya miongo mitatu, divai zilezile zilionjwa tena, na nafasi tano za kwanza zikatwaliwa na California, Ridge Monte Bello ya 1971 ikiwa kileleni. Onjo moja haliwezi kufunga mjadala, lakini hoja ya muda nayo ilipimwa kwa muda.

Hasimu wa pili ni haraka. Divai changa iliyo nyeusi na nzito hupiga kelele mezani, nayo iliyo pole hupuuzwa, hata majina yakifichwa. Isitoshe, kila mwezi wa Aprili wanunuzi huonja Bordeaux kutoka mapipani, miezi sita hivi baada ya mavuno, na alama zinazotolewa huathiri bei. Mavuno ya 1975 yalisifiwa sana kwa ukali wake, ikatarajiwa kwamba muda ungeyalainisha. Kwa divai nyingi za mwaka huo matunda yalififia mapema, ukali ukabaki. Ya 1982 yalitiliwa shaka na baadhi ya wahakiki, eti yalikuwa laini mno kuweza kudumu. Mmarekani Robert Parker aliyatetea, na muda ukampa haki.

Je, hayo yatuhusu nini sisi wa ubaoni na madaftarini? Tangu 1985 hadi 2023, mtihani wa KCPE ulimpima mtoto kwa siku chache, na alama zake zikamfuata kama bei ya divai iliyo bado pipani. Mtihani huo umekwisha, lakini mazoea yake hayakwenda nao. Insha kutoka shule yenye jina husomwa kwa jicho la heshima, na ile ya shule ya kutwa ya kijijini husomwa kwa jicho linalosaka makosa.

Rai yangu ni nyepesi. Mwalimu, likunje jina kabla ya kusahihisha. Insha iliyokutatiza, irudie baada ya siku kadhaa. Kando ya alama, andika mwanafunzi amefika wapi: bado, anakua, au anadidimia. Wala usijidanganye kwamba kila ukali utalainika, kwani 1975 yatuonya. Tafuta tunda lililo chini ya ukali huo, na ukilikosa, sema hivyo bila kuficha. Nawe mwanafunzi, alama ya muhula wa kwanza ni ubashiri. Yaweza kutimia, yaweza kukanushwa, na sehemu kubwa ya jibu umeishika wewe mwenyewe.